Dada, usimkopeshe hela ya pikipiki

Dada mmoja anayefanya kazi za ndani hapa Abu Dhabi alinipigia wiki iliyopita. Mdogo wake yuko Dubai, mfunga nondo, ana miaka 23, na amepata pikipiki: Yamaha R6 ya mwaka 2009, bei dirhamu 15,000. Mwenyewe ana 11,000. Anataka dada amwongezee 4,000, atazirudisha kidogokidogo kila mshahara ukitoka. Dada anauliza: hii ni mali au siyo mali? Maana dogo anasema mkataba ukiisha ataiuza na kupata faida.

Nimeona nimjibu hapa, kwa sababu najua si yeye peke yake anayeombwa.

Nikiri kwanza. Mimi nilikuwa nayo. Honda CBR600RR ya 2007, nyekundu, nilinunua nikiwa na miaka 26. Kwa hiyo sitamwambia dogo kwamba anataka upuuzi. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kila siku, anapanda basi la kampuni, anarudi kambini jioni vumbi mpaka kwenye kope, ana haki ya kutaka kitu kimoja ambacho ni chake. Raha ile naijua.

Lakini mimi ni mhasibu, na tabia haijifichi: nilikuwa naandika kila dirhamu. Nilikaa nayo miezi 11. Nilinunua kwa 16,500, nikauza kwa 12,000. Hapo zimeshapotea 4,500. Ukaguzi, kuhamisha mulkiya na bima, 1,150. Tairi mbili na kufungiwa, 1,300. Cheni na spoketi zake, 650. Oili mara tatu, 540. Sili za shokapu za mbele pamoja na breki pedi, 700. Feni ya rejeta ilikufa mwezi wa saba, na mnajua mwezi wa saba wa huku, 480. Helmeti, jaketi, glavu na viatu, 2,400. Jumla, pamoja na ile hasara ya bei, ni 11,720. Gawanya kwa 11: dirhamu 1,065 na senti kila mwezi, petroli sijaihesabu. Na sikuanguka hata mara moja.

Sasa rudi kwa dogo. Mshahara wake na ovataimu ni kama 1,900. Mama yao Tanga anatumiwa 600. Chukua 1,065 yangu, weka hapo, halafu ongeza deni la dada. Hesabu haifungi. Hata nikisema nilikuwa mzembe na yeye ataweza kwa nusu ya pesa hiyo, bado haifungi.

Na hapa ndipo penye jambo ninalotaka lisikike, kwa sababu watu wakiongelea pikipiki kubwa wanaongelea mwendo tu. Mwendo ni kweli. Dogo aliendesha bodaboda miaka miwili, anajiona anajua, lakini Boxer ya 150 ina nguvu za farasi kama 12, na hii R6 ina zaidi ya 100. Gia ya kwanza peke yake inavuka kilomita 100 kwa saa. Ila mimi naogopa zaidi mfuko wake. Mtu akimaliza akiba yote kwenye bei ya kununulia, kitu gani ataanza kukibana? Hawezi kubana petroli, maana bila petroli haiendi. Atabana tairi. Atabana breki. Atavaa helmeti ya dirhamu 80 kutoka kwa jamaa wa kambini, na jaketi ataacha, joto bwana. Yaani anaanza kukata kwenye vile vinavyomlinda roho. Boxer inavumilia umaskini wa mwenye nayo. Hii haivumilii.

Tena pikipiki hizi zinauzwa rahisi kwa sababu. Mara nyingi muuzaji ameshaona bili zinazokuja, anakuachia wewe.

Akianguka je? Sheria ya kazi ya Emirates kwa sekta binafsi, ukishamaliza kipindi cha majaribio, inakupa likizo ya ugonjwa isiyozidi siku 90 kwa mwaka: 15 za mwanzo mshahara kamili, 30 zinazofuata nusu, zilizobaki bila kitu. Mfupa wa paja hausubiri siku 45 ukapona. Mfunga nondo mwenye mguu mmoja mzima ni nani kwenye saiti? Bima ndogo italipa uliyemgonga, pikipiki yako hailipi. Bima kubwa mimi niliitafuta nikazungushwa mpaka nikachoka.

Hilo la faida sitalikalia sana. Kuisafirisha kuna meli, ushuru, VAT ya asilimia 18 ukifika Tanzania bara, halafu umtafute mnunuzi wa cc 600 anayejua atapata wapi vipuri. Na akiiuza hukuhuku, viza ikishafutwa siku zinahesabika, na wanunuzi wanalijua hilo kuliko yeye. Kwenye daftari langu hii inaandikwa matumizi, safu moja na harusi.

Kwa hiyo dada, usimkopeshe. Usimtukane pia. Mwambie hivi: akiwa na akiba ya miezi mitatu ambayo haiguswi, na mama anatumiwa kama kawaida, hela iliyobaki aigawe mara mbili, pikipiki isizidi nusu. Nusu nyingine ni ya leseni ya huku (ile ya nyumbani hawambadilishii), mavazi na matengenezo. Kwa mfuko wake hiyo haitakuwa R6. Labda itakuja kuwa Ninja 300, na kwa mtu wa miaka 23 hiyo si aibu. Mimi ningeanza na hiyo kama kuna mtu angeniambia.

Na asikubali ule mpango wa kulipa halafu mulkiya ibaki kwa jina la mwenyewe "mpaka baadaye". Hapo umenunua maneno.

Jumapili nilienda na dogo kuiangalia. Inang'aa kweli. Nikamwonyesha pale ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho baada ya DOT, mbili za wiki, mbili za mwaka. La nyuma limeandikwa 1416: wiki ya 14, mwaka 2016. Muuzaji akasema bado lina kashata. Ni kweli, kashata zipo, lakini raba imekauka juani mpaka ina nyufa unazoweza kuzihesabu. Dogo alichuchumaa pale muda mrefu, kidole kwenye ufa, hasemi kitu. Tukapanda metro tukarudi. Alichosema njiani ni kuniuliza Ninja 300 inatumia tairi la bei gani.