Kompyuta za Umma Zilindwe

Kompyuta ndizo zinazotunza leo majalada ya watumishi, hesabu za mapato na kumbukumbu za wagonjwa. Kwa hiyo usalama wake si kazi ya mafundi peke yao, nasi twaona ni wajibu wetu kulisema hilo waziwazi.

Windows XP ilipotolewa mwaka 2001, ilikuwa na ukuta wa kinga ndani yake, lakini umezimwa. Aliyeuhitaji ilimbidi auwashe mwenyewe, na wengi hawakujua kama upo. Mwezi wa Julai 2003 kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba ufa mmoja wa mfumo huo. Wengi wakapuuza. Kabla ya siku 30 kupita, programu haribifu iitwayo Blaster ikaingia kwa ufa ule ule, ikaenea duniani pasipo mtumiaji kubonyeza chochote.

Fundisho hilo lilizaa mabadiliko. Mwezi wa Agosti 2004, marekebisho makubwa yaitwayo Service Pack 2 yaliuwasha ukuta ule tangu mwanzo, na kumhimiza kila mtu aruhusu marekebisho kuingia yenyewe. Mwaka 2007 ikaja Windows Vista, ambayo ilimtaka mtumiaji atoe idhini kabla programu haijagusa kiini cha mashine. Watu walinung'unikia maswali yale. Lakini usumbufu wa mlinzi ni mdogo kuliko hasara ya mwizi.

Hata hivyo, dawa isiyonywewa haiponyi. Mwezi wa Machi 2017 yalitolewa marekebisho ya ufa mwingine. Tarehe 12 Mei, programu ya WannaCry ilipita humo humo, ikafunga majalada na kudai malipo. Hospitali za umma za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu, ilhali dawa ilikuwapo kwa miezi miwili.

Sasa twawageukia viongozi wetu. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma. Mashine yenye mfumo huo itawaka kama jana, na hapo ndipo penye hadaa. Kila mkuu wa idara hana budi kujua anazo ngapi, nani anazitunza, na fedha za kuzibadili zimetengwa wapi.

Jahazi hukalafatiwa pwani, si katikati ya mkondo wa Pemba. Mali ya umma ni amana, na amana hulindwa kabla haijapotea.