Ruvuma Haukuchora Mpaka

Hoja mmekwishaisikia: Ruvuma ni mpaka wa asili kati ya Tanzania na Msumbiji, uliokuwapo kabla ya mkoloni, naye alichofanya ni kuuandika tu. Isikilizeni kama mahakimu, dai moja moja.

Wanasema mto ndio mpaka. Kwa kilometa 650 hivi, ni kweli. Lakini Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, ndani ya Tanzania, na upande wa magharibi mpaka wenyewe unauacha mto. Wajerumani na Wareno walipatana Desemba 1886 kwamba ukifika mahali mto Msinje unapoingia Ruvuma, mpaka ukate nchi kavu moja kwa moja hadi Ziwa Nyasa. Mstari ule ulipigwa kwa rula juu ya ramani.

Wanasema pia kwamba mto ulimaliza ubishi. Hapa ndipo hoja yao inapovunjika. Wajerumani walewale waliotia saini walidai mwaka 1892 kwamba haki ya Ureno inakomea Rasi ya Delgado, kusini mwa mto, na mwaka 1894 wakaitwaa Kionga, eneo lililo kati ya mto na rasi hiyo. Wareno waliirudisha mikononi mwao 1916, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Kwa miaka 22, kingo zote mbili za Ruvuma unapoingia baharini zilikuwa chini ya bendera moja. Anayeshikilia kwamba mto ndio ulioamua atueleze: maji yaleyale yaliwezaje kuwa mpaka 1893, na 1895 yasiwe?

Limebaki dai kwamba mto ulitenganisha watu. Wamakonde wako Newala, Tanzania, na wako Mueda, Msumbiji. Wayao na Wamakua nao wako pande zote mbili. Kiangazi mchanga hutokeza katikati ya mto, na watu huvuka kwa mtumbwi, pengine kwa miguu, mamba wakiwamo majini, kwenda kuuza, kuoa na kuzika. Jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck lilivukia Negomano Novemba 1917. Wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, walivuka kuanzia 1964. Daraja la Umoja, mita 720 kati ya Mtambaswala na Negomano, lilifunguliwa 2010 kwa watu waliokwishazoea kuvuka.

Na wanaosema mto umetutenga tangu enzi ndio haohao wanaolalamika kwamba watu wanavuka ovyo kila siku. Wachague moja.