Betri Mpya na Afya ya Mfanya Kazi



Mara nyingi karatasi hii husema juu ya mishahara na saa za kazi. Leo twataka kusema juu ya betri. Huenda mwingine akauliza, betri yahusu nini chama cha wafanya kazi? Twajibu: yamhusu fundi wa magari, fundi wa sola, mwenye bodaboda, na kijana anunuaye vyuma vikuukuu hapa Kosele na Oyugis. Hao wote huishika kwa mikono yao.

Betri tuliyoizoea, ile ya maji, ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka wa 1859. Ndani yake mna asidi na mabamba ya risasi, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Risasi ni sumu. Huingia mwilini kwa vumbi na kwa moshi, ikadhuru damu, figo na ubongo, na watoto huumia kuliko watu wazima. Mtu hutoka kazini na vumbi katika nguo zake, akampakata mwanawe, na mtoto akapata sumu ya kiwanda ambacho hajapata kukiona.

Hayo si maneno ya kutishana. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu karibu kabisa na nyumba za watu, na risasi ikaonekana katika damu ya watoto. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanya kazi wa kiwanda hicho, aliongoza wakazi kudai haki yao. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Amri hiyo ikapingwa katika rufani, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabuni wenyewe miaka hiyo. Damu yenye risasi haingojei hukumu.

Sasa zimekuja betri za namna nyingine. Za lithiamu hazina risasi kabisa. Nyingi katika hizo hutumia kobalti, ambayo sehemu kubwa yake hutoka Kongo, pande za Kolwezi, na huko wengine huichimba kwa mikono. Lakini katika miaka ya 1990 John Goodenough na wenzake huko Texas walionyesha kwamba chuma na fosfati vyaweza kushika mahali pa kobalti. Betri za namna hiyo hudumu miaka mingi kuliko za maji, wala haziwaki moto upesi kama zile za kobalti. Ndizo zitumikazo sana sasa katika sola na katika pikipiki za umeme. Nyuma yake zaja za sodiamu, zilizo nzito zaidi kwa umeme ule ule, lakini vitu vyake si adimu. Sodiamu imo katika chumvi ya mezani, na imo katika magadi ambayo wafanya kazi wa Ziwa Magadi wameyatoa tangu zamani za ukoloni.

Twazikaribisha betri hizi. Lakini tusidanganyike kwamba zitatulinda zenyewe. Betri ya lithiamu ikitobolewa au kupasuliwa kwa patasi yaweza kuwaka na kutoa hewa ya sumu. Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Betri ya risasi ikifa ina bei, kwa hiyo mtu huitafuta. Betri ya chuma na fosfati ikifa bei yake ni ndogo, kwa kuwa haina kobalti wala nikeli. Nani basi ataichukua? Asipokuwapo mtu wa kuichukua, itatupwa mtoni na shambani, au atapewa kijana nyundo aivunje kutafuta shaba kidogo.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe nguo za kujikinga, na kemikali ziandikwe majina na hatari zake. Sheria ya taka ya mwaka 2022 yamtwika mtengenezaji na mwagizaji wajibu juu ya bidhaa yao hata ikiisha kazi. Kazi yetu ni kuzitoa sheria hizi katika karatasi na kuzileta karakana.

Basi twadai mambo matatu. Kwanza, kila betri iandikwe kwa lugha tunayoisoma yaliyomo ndani yake. Pili, auzaye betri mpya aipokee iliyokufa, naye alipe gharama ya kuisafirisha. Tatu, asipewe mtu kazi ya kufungua betri bila mafunzo, glavu na mahali pa kuoga na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani.

Yaleteni mambo haya katika mkutano wa tawi lenu, yaandikwe, na mwajiri aulizwe. Wa Owino Uhuru waliuliza baada ya watoto kuugua. Sisi tuulize kabla.