Wanasheria Wetu na Haki ya Walio Mbali

Tunawapongeza vijana wetu, mabinti na wavulana, wanaosomea sheria. Baada ya miaka 4 ya shahada huwangoja Chuo cha Sheria cha Kenya na miezi 6 ya kunolewa na wakili mzoefu. Wazazi, subirini nao.

Tunawaomba waikumbuke Todonyang, ufukoni mwa Ziwa Turkana, mpakani na Ethiopia, ambako Mei 2011 roho nyingi zilipotea. Mjane wa huko akidai haki yake huitazama Lodwar, makao makuu ya kaunti, na njia ni ndefu. Kakuma nako, penye kambi ya wakimbizi tangu 1992, wamo dada zetu Waislamu wenye mashauri ya ndoa, talaka na mirathi. Kifungu cha 170 cha Katiba kimeyaweka hayo mbele ya Kadhi, pande zote zikiwa za Waislamu na zikiridhia. Asiyejua kuwa mlango huo upo hupoteza fungu lake kimya kimya.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inavitambua vituo vya msaada vya vyuo vikuu. Basi mwanafunzi akirudi likizoni, tumuulize alama zake, kisha tumuulize: umemsaidia nani? Mwenyezi Mungu awajaalie elimu yenye manufaa. Amin.