Papai na Msumeno

Juma hili twende Beni. Wengi wetu hapa Goma tunalalia kitanda cha libuyu, wala hatuulizi mbao zake zilipasuliwa wapi.

Beni kuna kampuni inaitwa ENRA. Watu wanaijua kwa mbao, lakini herufi E ya jina lake ni ya enzimu: ni papaini, inayotoka kwenye maziwa ya papai. Msumeno na papai nyumba moja!

Kazi ya papai ilianza alfajiri. Unachanja tunda bichi likiwa bado mtini, mistari myembamba tu, maziwa yanadondoka, unayakinga, kisha yanakaushwa mpaka yawe unga. Unga ule unalainisha nyama na kusafisha bia, huko ng'ambo. Mikono iliwasha, maana maziwa yale ni makali. Tunda lenyewe linabaki na makovu, mnunuzi halitaki, basi linaishia chunguni.

Libuyu likiangushwa leo, hata mjukuu wako hataona lingine la unene ule. Mpapai unazaa ndani ya mwaka mmoja hivi. Mimi mwalimu, kwa hesabu yangu, ningechagua papai.

Tangu Oktoba 2014 mauaji yamefukuza watu mashambani, na saa ile ya kuchanja ndiyo saa ya kuogopa. Darasani nina watoto wa jamaa hizo. Beni wanaijua kwa habari za vita tu. Bibi aliyewahi kuchanja awaonyeshe wajukuu namna ya kushika kisu. Papai bichi soko la Virunga halikosekani.