Ukuta na Ufa Wake



Mwezi huu twataka kusema juu ya nyumba tunamolala sisi na watoto wetu. Hapa Tunduma baridi ya Juni na Julai yajulikana na kila mtu. Na jua la Oktoba nalo, likipiga juu ya bati tupu, chumba huwa kama tanuri. Mwaka jana, tulipoona wanafunzi wa chuo chetu wanasinzia kwa joto baada ya Adhuhuri, tuliazimu kutoboa ukuta na kutia madirisha mawili makubwa karibu na pembe. Fundi tuliyemwita alipitisha kidole katika ufa uliopanda kutoka juu ya mlango hadi kwenye paa, akaikataa kazi. Alisema, "Maalim, tofali hizi zimeungwa kwa udongo, wala ukuta hauna lenta. Mkiutoboa hapa, mtawapa watoto upepo na mauti pamoja."

Tulinyamaza, kwani alisema kweli. Tulitafuta raha, tukaisahau nchi tunayoishi. Songwe imo katika Bonde la Ufa. Desemba 1910, upande wa Rukwa, ardhi ilitikisika kwa kipimo cha 7.4, tetemeko lililo miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kuandikwa Afrika Mashariki. Desemba 2009 jirani zetu wa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe katika Malawi, walitikiswa mara kwa mara, na watu wengi wakakosa makao. Na tarehe 10 Septemba 2016, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, tetemeko la 5.9 liliipiga Bukoba. Watu zaidi ya kumi wakafa na maelfu ya nyumba yakaharibika. Ardhi hutikisika, lakini aghalabu kiuacho watu ni ukuta.

Basi yatupasa kuzikagua nyumba zetu, na ukaguzi ni mmoja kwa mambo mawili. Ufa uingizao baridi usiku ndio utakaoufungua ukuta siku ya tetemeko. Tazama pembe: je, kuta mbili zimeshikana, au zimeachana? Tazama juu ya milango na madirisha: je, iko lenta ya zege na nondo iizungukayo nyumba yote? Tazama ule ukuta wa pembetatu ulio chini ya paa, ambao huanguka upesi: je, umefungwa na mbao za kenchi? Mawe yaliyowekwa juu ya bati lisipeperuke na yashushwe, bati lipigiliwe misumari.

Wala tusitengeneze jambo moja kwa kuharibu la pili. Atakaye kupunguza joto asikimbilie kubomoa. Aweke kwanza dari ya mbao nyepesi, maana dari huzuia joto la bati mchana na baridi usiku. Wala asiweke dari nzito itakayowaangukia waliolala. Na wale wanaofunga madirisha na kuingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto, twawaonya kwa nguvu: hewa yake haina harufu, nayo huua watu usingizini. Chumba kilichozibwa nyufa na kutiwa dari hakihitaji jiko hilo. Kiachiwe tu matundu ya hewa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kuna ufa usiotosha kupakwa lipu tu, kwani lipu huuficha wala haiuponyi. Huo aonyeshwe fundi mwenye ujuzi, au mhandisi wa halmashauri.

Chumba chetu tumekifunga. Twasomesha chini ya mparachichi huku wazazi wakichanga saruji na nondo. Wako walionung'unika kwamba tumekosa tawakali, kwa kuwa ukuta ule umesimama miaka mingi. Twawajibu kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alimwagiza yule Bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Watoto wa watu ni amana, na sisi hatuthubutu kuwaketisha tena chini ya ukuta ambao tumekwisha kuujua.