Vitesi Ikikataa, Usiongeze Nguvu



Katika vikundi vyetu vya likelemba hapa Kolwezi, mama akipata zamu yake mara nyingi ananunua pikipiki. Anaikabidhi kwa mtoto wake au kwa kijana wa jirani afanye taksi, na kijana analeta verisema kila jioni. Mama mwingine anaendesha mwenyewe kwenda shambani au sokoni. Na mwingine hana pikipiki, lakini kila asubuhi anapandisha watoto juu ya moto-taksi waende masomo. Habari ya juma hili inawahusu wote watatu: pikipiki ambayo vitesi yake ni ngumu kuingia, au inaponyoka njiani.

Ubovu huu hauanzi siku moja. Unaanza kidogo, na siku za kwanza dawa yake ni ya bei ndogo sana. Ukiachwa miezi miwili, unakula meno ya ndani ya bwati, na hapo motere lazima ifunguliwe. Tena kuna hatari kubwa kuliko falanga. Motari anapanda mlima kutoka Kapata au Luilu, nyuma yake kuna lori lililobeba shaba, watoto wawili wako mgongoni. Anabadilisha vitesi, haishiki. Motere inalia kwa nguvu lakini pikipiki inapoa mwendo. Lori haliwezi kusimama mara moja.

Jinsi vitesi inavyofanya kazi

Tuelewe kwanza kazi yenyewe. Motere inazunguka, gurudumu la nyuma nalo linazunguka, na kati yao kuna mlango. Mlango huo ni ambreyaji. Motari akivuta mkono wa kushoto, kable inafungua mlango, diski za ambreyaji zinaachana, na nguvu ya motere haifiki kwenye bwati. Hapo ndipo mguu wa kushoto unaweza kusukuma pedali na kubadilisha vitesi bila kupigana na motere. Mlango usipofunguka vizuri, meno ya bwati yanagongana: ndiyo ile sauti ya krrr.

Zamani vitesi za pikipiki zilibadilishwa kwa mkono. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kiwanda cha Velocette cha Uingereza kilitoa pedali ya mguu inayorudi mahali pake kila mara ikiisha kusukumwa. Pikipiki zetu za leo bado zinafanya hivyo. Kila msukumo mmoja ni vitesi moja tu, na lazima uiache pedali irudi kabla ya kusukuma tena. Motari anayesukuma haraka haraka mara mbili, au anayeacha mguu wake umelala juu ya pedali, anajitafutia vitesi isiyoshika.

Alama tatu, magonjwa matatu

Mama asikubali kuambiwa tu kwamba “vitesi zimekufa.” Auliza: zinafanya nini?

Ya kwanza: vitesi ni ngumu kuingia, inagonga, na pikipiki ikisimama motari anahangaika kutafuta pwamori, ndiyo kusema mahali ambapo motere inazunguka bila kuvuta gurudumu. Mara nyingi hii ni ambreyaji isiyofunguka vizuri.

Ya pili: motere inalia kwa nguvu lakini pikipiki haiongezi mwendo, hasa mlimani, ingawa vitesi imeingia. Hii ni ambreyaji inayoteleza. Kable imekazwa kupita kiasi, au mafuta si yake, au diski zimekwisha.

Ya tatu: vitesi inaingia, halafu inaruka yenyewe na kurudi pwamori. Kama pedali ni nzima na inasukumwa vizuri, hapa ubovu unaweza kuwa ndani ya bwati. Pikipiki ya namna hiyo isibebe mtoto mpaka itengenezwe.

Mambo matano ya kuangalia nyumbani

Fanyeni siku ya posho jioni, uwanjani, motere imezimwa na watoto wadogo wako mbali.

Kwanza, mkono wa ambreyaji. Uvute polepole kwa kidole. Mwanzoni lazima ucheze kidogo bila uzito, ndipo ukaze. Kwa pikipiki nyingi ndogo mchezo huo ni milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono, lakini kitabu cha pikipiki ndicho chenye neno la mwisho. Ukicheza sana, mlango haufunguki wote na vitesi inakuwa ngumu. Usipocheza hata kidogo, diski zinateleza na kuungua. Kurekebisha ni kuzungusha nati kwenye kable. Ni kazi ya dakika chache.

Pili, kable yenyewe. Kiangazi chetu kina vumbi, na masika yana matope na maji. Vyote vinaingia ndani ya kable, inakauka na kushika kutu. Mkono ukiwa mzito au ukirudi polepole, kable inahitaji mafuta. Ukiona hata uzi mmoja umekatika kwenye ncha, badilisha kable nzima leo. Kesho itakatikia njiani.

Tatu, mafuta ya motere. Katika pikipiki nyingi za taksi, mafuta hayo hayo yanalainisha motere, bwati ya vitesi na diski za ambreyaji. Yakipungua au yakiungua, vitesi ndiyo inayolia mapema. Simamisha pikipiki wima juu ya ardhi iliyo sawa, uangalie kipimo. Ukienda kununua, tafuta kopo lililofungwa lenye maandishi JASO MA: ni alama ya mafuta yanayofaa ambreyaji inayooga ndani ya mafuta. Mengine ya gari yamewekwa dawa ya kupunguza msuguano, na diski zinaweza kuteleza. Mafuta yaliyomiminwa ndani ya chupa ya maji, hujui yametoka wapi, yaache kwa muuzaji.

Nne, pedali ya vitesi. Ishike kwa mkono na uitikise. Ikicheza kwenye shina lake, bulo imelegea. Kama pikipiki ilianguka, pedali inaweza kuwa imepinda na kugusa motere, basi haimalizi safari yake. Angalia na viatu vya motari. Kijana anayevaa viatu vikubwa vya kazi ya mine anaweza kukosa nafasi ya kuingiza mguu chini ya pedali. Fundi anaweza kuipandisha kidogo.

Tano, sheni. Iliyolegea sana inaruka na kugonga kila vitesi ikibadilishwa. Iliyokazwa sana inaumiza bwati. Sukuma upande wa chini kwa kijiti, katikati ya magurudumu mawili ya meno. Kwa pikipiki nyingi ndogo iende juu na chini milimita 20 hadi 30. Tumia kijiti, usitumie kidole.

Kama haya matano ni mazuri na vitesi bado inakataa, mpeleke kwa fundi. Mweleze alama uliyoona, na ile uliyokwisha kuangalia. Akifungua motere na kubadilisha piese, mwambie kwa heshima: “Papa fundi, naomba unionyeshe piese ya zamani.” Fundi mwema hakasiriki.

Kwa anayeendesha

Vuta ambreyaji yote, rudisha gazi, sukuma pedali mara moja kwa uhakika, halafu achia ambreyaji polepole. Ukikaribia dodani, shusha vitesi mapema wakati gurudumu bado linazunguka. Ukisubiri mpaka usimame, itakuwa ngumu. Ikikataa umesimama, usiipige teke. Vuta ambreyaji, sukuma pikipiki mbele na nyuma kidogo, meno yatapata nafasi yake. Ikiponyoka mlimani, rudisha gazi, vuta ambreyaji, sukuma tena mara moja. Usiinamishe kichwa kuangalia mguu. Ikikataa tena, onyesha alama, toka njiani upande wa kuume, na abiria washuke.

Kwa mama mwenye mtoto mgongoni mwa motari

Ukisikia krrr kila akiondoka, ukiona mguu wake unatafuta pwamori mara nne au tano, ukisikia motere inalia ghafula bila kuvuta, mwambie: “Papa, simama, tushuke hapa.” Lipa sehemu ya safari iliyofanyika na utafute mwingine. Kuchelewa masomo si kosa kubwa. Mimi ni mwalimu, ninawaambia.

Neno kwa wenye pikipiki

Kwa nini ubovu huu unaachwa mpaka unakuwa mkubwa? Kijana mara nyingi anaujua siku ya kwanza. Lakini akisema, anaogopa kuulizwa, “Umeharibu nini?” Na akisimama saa mbili kwa fundi, verisema ya jioni haitatimia. Basi ananyamaza na kuongeza nguvu kwenye mguu. Katika kalasi ni hivyo hivyo: mtoto anayepigwa kwa kusema hajaelewa, anaacha kuuliza, na tunajua ujinga wake siku ya mtihani tu.

Ninapendekeza vikundi vyetu viweke mambo mawili katika mapatano na motari. La kwanza: saa moja ya kuangalia pikipiki kila juma, isihesabiwe katika verisema. La pili: motari akileta habari ya ubovu siku ile ile, asitozwe kwa kazi ndogo ya kable, mafuta au nati. Akificha mpaka bwati ivunjike, hapo muongee kuhusu deni.

Kwa mkutano unaokuja, kila mama mwenye pikipiki amuulize motari wake swali moja tu: “Mtoto wangu, vitesi inaingia vizuri?” Halafu anyamaze, asikilize jibu lote kabla ya kusema neno. Mlete majibu, tutayaangalia pamoja.